Aibu ya Nyumba

Wazee walisema nyumba njema si mlango. Mimi ni fundi wa ujenzi, kwetu Palma, na kuna miaka nilikula kwa kupamba milango ya nyumba ambazo si njema. Nataka kueleza jambo moja nililolifanya, halafu niulize swali ambalo nimelibeba tangu wakati ule: mtu anayejua kasoro ya nyumba, naye si mwenye nyumba wala si mpangaji, anadaiwa nini?

Ilikuwa Januari 2020. Mliokuwa Palma mnakumbuka hali ilivyokuwa. Gesi ilishagunduliwa baharini tangu 2010, na mwaka 2019 wakubwa wakakata shauri la kujenga kiwanda kule Afungi. Mji wetu wa wavuvi ukajaa wageni: madereva, wapishi, mafundi umeme, walinzi, watu wa Pemba, wa Nampula, wa Maputo. Na huku vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vilikuwa vinasukuma watu wa vijijini waje mjini. Kila mwenye uwanja akajenga vyumba vya kupangisha. Mwenye viwili akaongeza vinne. Sasa, mchanga wa mtoni uko mbali na unalipiwa gari. Mchanga wa pwani uko hapo mlangoni, unachota tu. Basi matofali mengi ya wakati ule yalifyatuliwa kwa mchanga wa pwani, na chumvi yake ndani.

Mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba yangu, akaniita. Alikuwa na vyumba vitatu kwa safu moja. Chumba cha mwisho, ukuta wa upande wa bahari ulikuwa umetoa unga mweupe kutoka chini mpaka kiunoni. Pembe ya juu ya dirisha ilikuwa na ufa, umepanda mshazari mpaka kwenye paa. Nikauonja ule unga kwa ncha ya kidole: chumvi. Nikagonga ukuta kwa fundo la kidole: ukalia kama debe tupu, maana yake lipu imeachana na tofali. Juu ya dirisha hapakuwa na linta ya zege. Walilaza mbao mbili, na mchwa walishazimaliza kwa ndani.

Nikamwambia, "Mzee, ukuta huu si wa kuzibwa. Tuubomoe upande huu, tuweke linta, tujenge upya kwa mchanga mzuri."

Akaniuliza gharama. Nikamtajia. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, mpangaji anakuja Jumamosi. Wewe ziba tu, piga lipu, paka chokaa. Yeye ana macho, ataangalia mwenyewe."

Nikaziba. Ijumaa jioni ukuta ulikuwa mweupe kama kanzu ya Idi. Jumamosi akaja kijana, dereva kutoka Nampula, akasimama mlangoni, akatazama, akasema chumba ni kizuri. Mimi nilikuwa uani naosha mwiko na karai. Akanisalimu, "Mestri," kama wanavyotuita mafundi huku kwetu. Nikaitikia salamu. Sikusema kitu kingine.

Je, nilisema uongo? Mdomo wangu haukutamka neno. Lakini ule ukuta ulisema, "Mimi ni mzima," na aliyeufundisha kusema hivyo ni mimi.

Nimejitetea kwa njia nyingi. Kwanza, nyumba si yangu. Fundi anaagizwa, anafanya. Pili, kijana alikuwa na macho na vidole kama mimi. Tatu, kodi yenyewe ilikuwa nafuu kuliko kwa jirani, na nafuu ina sababu yake. Nne, nyumba gani haina ufa? Tukianza kutaja kila ufa hakuna atakayepanga, Mzee hatakula, vyumba havitajengwa, na wageni watalala nje.

Hoja hizi si za kijinga, wala si mpya. Mwalimu mmoja tuliyekimbia naye alinisimulia kwamba Mrumi mmoja, Cicero, aliandika kitabu juu ya wajibu mwaka 44 kabla ya Masihi, na ndani yake akaweka mfano wa mtu anayeuza nyumba. Nyumba inasifika kwa afya, kumbe si ya afya. Vyumba vya kulala vina nyoka. Mbao zimeoza, karibu zianguke. Na anayejua haya ni mwenyewe peke yake. Je, akinyamaza na kuuza, ametenda haki? Cicero anawaleta wanafalsafa wawili wabishane, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Diogenes anasema kunyamaza si kuficha: nani kakulazimisha kununua? Sheria ikinitaka nitaje, nitataja. Kilichobaki, nyumba hiyo mbele yako. Antipater anasema kumwacha mnunuzi aingie hasarani ilhali unajua ni kama kumwona mtu kapotea njia ukakataa kumwelekeza. Tena ni vibaya zaidi, maana wewe unamwingiza mwenzako makosani huku ukijua. Cicero akasimama na Antipater.

Niliposikia kisa hiki nilicheka. Huyo Diogenes si ndiye Mzee wetu wa Palma? "Ana macho, ataangalia mwenyewe."

Lakini sisi hatukuhitaji kwenda mpaka Roma. Chuoni, tungali watoto, tulisimuliwa kwamba Bwana Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaingiza mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu, watu wakaona, na akaambiwa kuwa mwenye kudanganya hayumo katika sisi. Tazameni vizuri: hakulaumiwa kwa kulowa kwa chakula. Mvua ni ya Mungu. Alilaumiwa kwa mpangilio, kikavu juu, kibichi chini. Na lipu yangu ilikuwa hivyo hivyo.

Wanazuoni wa fikihi huiita kasoro kama ile aibu. Mnyama ana aibu yake, kitambaa kina aibu yake, nyumba ina aibu yake, na mnunuzi akiigundua baadaye ana hiari ya kurudisha. Sisi Waswahili tukalichukua neno lile lile tukalitumia kwa fedheha inayompata mtu. Nimelifikiria sana neno hili. Ufa uko ukutani, lakini ukuta hauoni haya. Lazima awepo mtu wa kuona haya kwa niaba yake. Siku nilipoonja ile chumvi, aibu ya nyumba ya Mzee ilihamia kwangu nusu yake. Hapo hoja yangu ya kwanza inakufa. Ni kweli nyumba haikuwa yangu, lakini kujua kulikuwa kwangu, na fundi hawezi kumrudishia mwenye nyumba kile anachokijua kama anavyomrudishia ufunguo.

Hoja ya pili nayo inayumba. Kijana alikuwa na macho, sawa. Lakini mimi nililipwa mahususi ili macho yake yasimsaidie. Huwezi kumfunga mtu kitambaa usoni halafu ukamlaumu kwa kujikwaa. Hata hiyo nafuu ya kodi haina utetezi: bei ikiwa ndogo kwa sababu ambayo mpangaji haijui, hiyo si bei, ni chambo. Iliyobaki ni hoja ya nne, kwamba kila nyumba ina ufa na watu lazima walale mahali. Hiyo ndiyo ngumu, na nitairudia.

Kuna methali nyingine inayotuchanganya sisi mafundi: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimeitumia kuwashauri wenye nyumba mara nyingi. Lakini kuziba kuna namna mbili. Kuna kuziba kwa kutibu: unachimbua ufa, unatafuta unakotoka, unaweka linta au nondo au msingi, halafu ndiyo unafunika. Na kuna kuziba kwa kuficha: unafunika kwanza, na hiyo ndiyo kazi yote. Kwa macho zinafanana. Ile ya pili ni mbaya kuliko kutoziba kabisa, kwa sababu ufa ulio wazi unamwonya mtu. Ukiona ufa utasogeza kitanda. Ukiona ukuta mweupe utaegemeza kichwa.

Na kwa kuwa wengi wetu siku hizi tunalala kwenye nyumba za watu, acha niseme yale ambayo fundi anayaangalia, yamsaidie mtu. Rangi mpya chumba kizima si neno. Rangi mpya kipande kimoja tu, hasa chini mpaka kiunoni au pembeni mwa dirisha, uliza. Gonga ukuta sehemu mbalimbali usikilize. Choma mbao za mlango na za paa kwa ncha ya msumari. Ukizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, mchwa wamo. Ingia mchana, funga mlango na dirisha, tazama juu: kila nyota unayoiona kwenye bati ni tone la mvua. Zunguka nyuma ya nyumba uone maji ya paa yanaangukia wapi. Hesabu hatua kutoka choo cha shimo mpaka kisima. Watu wa afya wanataka mita 30, na maji meupe matamu hayathibitishi chochote. Gusa swichi ya umeme baada ya taa kuwaka saa moja. Ikiwa ya moto, kuna waya umelegea au mdogo kuliko mzigo wake. Na ukitaka ukweli usimuulize dalali. Muulize mama jirani anayefua pale nje, umuulize habari za masika yaliyopita.

Haya yote ni mazuri kwa mtu mwenye nafasi ya kuchagua. Mtu anayekimbia hagongi ukuta.

Tarehe 24 Machi 2021 Palma ilishambuliwa. Sitaieleza siku ile hapa. Waliokuwepo wanaijua na wasiokuwepo wameisikia. Tulikimbilia upande wa Quitunda na Afungi, tukapata chombo, tukafika Pemba. Nikapata chumba Paquitequete, ule mtaa wa chini kando ya maji, ambao ufuko wake mwaka 2020 ulikuwa umepokea mashua nyingi za wenzetu waliotangulia kukimbia. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane, mtu mwema sana. Chumba kilikuwa na sakafu ya saruji, kimepakwa chokaa, kimetandikwa mkeka mpya. Niliingia na mke wangu, watoto watatu na mfuko mmoja. Sikugonga kitu. Ningeambiwa paa ni la karatasi ningesema alhamdulillah.

Bamvua ya kwanza ilipokuja, usiku, mke wangu akaniamsha. Mkeka ulikuwa unaelea. Maji hayakuingia kwa mlangoni. Yalipanda kutoka chini, kwenye ufa wa sakafu uliofunikwa na mkeka ule. Asubuhi yule mama akasimama mlangoni, hakuniangalia. Akasema, "Mwanangu, nilijua. Ningekwambia ungeondoka, na mimi nina watu kumi na sita ndani wanaotaka kula."

Na ni kweli. Ndugu zake kutoka Quissanga walikuwa wamejaa vyumba vingine. Kodi yangu ndiyo iliyonunua unga.

Hapo ndipo swali lilipogeuka uso. Mpaka siku ile niliwaza juu ya Mzee mwenye vyumba na kijana mgeni, na ilikuwa rahisi kumhukumu mwenye mali. Sasa aliyenificha alikuwa maskini kama mimi. Hoja ya nne ilirudi ikiwa na sura ya mama huyu: kila nyumba ina ufa, na watu lazima wale. Je, maskini anayepangisha chumba kibovu kwa maskini anadaiwa ukweli sawasawa na tajiri?

Nilikaa na swali hilo mwezi mzima, na jibu langu ni hili. Kuna haki mbili ambazo tunazichanganya. Kuna haki ya kutengenezewa, na kuna haki ya kujua. Ya kwanza inategemea uwezo: huwezi kumdai mjane saruji ambayo hana. Ya pili haitegemei uwezo. Kusema "chumba hiki bamvua huingia maji" hakuhitaji mfuko hata mmoja wa saruji. Kunachohitaji ni kukubali kodi ipungue, na kama kodi inapungua kwa sababu ya ukweli, basi ile ya mwanzo haikuwa yake kwa haki. Maskini anaweza kusamehewa ukuta mbovu, lakini mkeka juu ya ufa ni hesabu nyingine. Nami nasema hivi huku nikijua kwamba ningekuwa mimi ndiye mwenye midomo kumi na sita, huenda mkeka ningeutandika.

Tukakubaliana. Nikamlipa kodi nusu, nusu nyingine nikailipa kwa mikono. Nilibandua lipu ya saruji mpaka kiunoni, kwa sababu saruji juu ya ukuta wenye maji huyafungia ndani. Nikauacha ukuta upumue miezi ya kusi, halafu nikaupaka lipu ya chokaa, ile ya wazee, inayoacha unyevu utoke. Nikanyanyua sakafu kimo cha tofali moja, nikatandika nailoni nzito chini ya zege, nikachimba mfereji nje kuelekeza maji ya paa. Bahari sikuizuia. Paquitequete bahari ndiyo mwenye nyumba. Lakini ikaja mara chache, na ikija tunajua. Chumba cha pili kilipopata mpangaji, mama yule alimwonyesha alama ya maji ukutani kwa mkono wake, akasema, "Mpaka hapa." Yule mpangaji akafikiri, akapunguziwa, akaingia, akanyanyua kitanda juu ya matofali. Hakuondoka. Mara nyingi tunaficha tukidhani ukweli utafukuza watu, kumbe wangekaa, wakiwa wamejiandaa.

Nilisema aibu inataka mtu wa kuiona. Nchi yetu ilipata somo kubwa juu ya hilo. Tarehe 3 Februari 1976, miezi saba baada ya uhuru, Rais Samora Machel alitangaza kuwa nyumba za kupangisha ni mali ya taifa. Nia ilikuwa njema: mtu aliyekuwa akilala pembezoni mwa mji akaingia kwenye nyumba za zege ambazo wakoloni waliziacha, na kodi ikapangwa kufuatana na kipato chake. Shirika la serikali, APIE, likawa mwenye nyumba. Lakini kodi ndogo haikutosha kutengeneza, na baada ya miaka majengo mengi yalivuja, mabomba yakakatika, lifti zikafa. Katika miaka ya 1990 nyumba hizo zikaanza kuuzwa kwa wapangaji wenyewe. Sisemi serikali ilidanganya. Nasema kasoro zilikuwa wazi kwa kila mtu, na bado hazikuwa za mtu yeyote. Kumbe nyumba huanguka kwa njia mbili: kwa mtu mmoja anayejua na kunyamaza, na kwa watu wengi wanaojua na kila mmoja akasema si yangu. Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka, watu 36 wakafa. Nikikumbuka habari ile huwaza wabeba karai, maana jengo hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kusimama.

Tena kuna kasoro ambayo huwezi kuigonga. Wenzetu wanaoanza kurudi Palma na Mocímboa wanakutana nayo: nyumba nzima, paa lipo, kodi nzuri, lakini mwenyewe alikimbia na anayepokea kodi si yeye. Kwa sisi wakimbizi hii ndiyo aibu kubwa kuliko chumvi, kwa sababu kila mmoja wetu ana nyumba mahali fulani ambayo huenda leo mtu anaipangisha. Katiba ya Msumbiji inasema ardhi ni ya dola, haiuzwi wala haiwekwi rehani; kinachouzwa ni kilichojengwa juu yake. Sheria ya Ardhi ya 1997 inamlinda raia aliyeitumia ardhi kwa nia njema angalau miaka 10, hata kama hana karatasi, na ushahidi wa majirani unasikilizwa. Ninyi mliotoka Kongo na Burundi, mlioko Maratane na kwingineko, fahamuni kwamba kipengele hicho ni cha raia. Msiweke akiba yenu kwenye kiwanja kwa neno la dalali tu. Na sote, kabla ya kulipa, tuulize majirani na kiongozi wa mtaa: nyumba hii ni ya nani, na yuko wapi? Ukijua jibu ukaingia kimya kimya, chokaa umejipaka wewe mwenyewe.

Nirudi kwa yule dereva.

Mwaka 2024 tulikutana Pemba, sokoni. Yeye ndiye aliyenijua. "Mestri!" Alikuwa amenenepa kidogo, ameoa, ana mtoto wa kike wa miezi minane. Akaniambia amepata kazi tena Palma na safari hii anaondoka na familia. Tena amempigia simu Mzee, kile chumba chake bado kimesimama, vita havikukigusa, na ameshatuma arubuni. Akacheka, "Chumba chako kile, mestri. Kizuri."

Nilikuwa na kifurushi cha misumari mkononi. Nilikaa kimya kitambo, na nilijua huo ndio ukimya ule ule wa uani, nikiosha mwiko. Halafu nikamwambia. Nikamweleza chumvi, nikamweleza mchwa, nikamweleza ufa uko chini ya lipu yangu upande gani.

Akauliza, "Wakati ule ulijua?"

"Nilijua."

"Kitanda changu kilikuwa chini ya lile dirisha. Mwaka mzima."

Hakunitukana. Ningefarijika angenitukana. Aliangalia pembeni, kama yule mama alivyoangalia pembeni siku ya maji, na nikaelewa kwamba aibu inaweza kumshika hata aliyedhulumiwa, kwa kuwa aliamini.

Mtu anaweza kusema: ukuta haukuanguka, kijana alilala mwaka mzima akaamka salama, basi hakuna kosa. Nimejiambia hivyo pia. Lakini kama ungeanguka ningelikuwa mwuaji, na kazi ya mikono yangu ingekuwa ile ile, lipu ile ile, Ijumaa ile ile. Siwezi kudai thawabu kwa sababu upepo haukuvuma. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Ibo, Quissanga na Macomia, na kuta ngapi zilizopakwa vizuri zililala chini. Desemba 2024, baada ya mkutano wetu, Chido akapiga Mecúfi na Pemba. Upepo ndio fundi mkaguzi wa pwani yetu, na hapokei rushwa.

Nikampigia simu Mzee pale pale sokoni, spika wazi. Akakasirika. Akaniuliza kama hivi ndivyo nilivyomheshimu rafiki wa baba yangu. Nikamwambia, "Mzee, nitakuja kuuvunja na kuujenga, sitaki pesa ya ufundi. Nondo na saruji tugawane." Akakata simu. Baada ya wiki akanipigia mwenyewe. Akasema, "Basi njoo. Lakini mchanga utanunua wewe." Nikaununua, wa mtoni.

Tulipoibandua ile lipu, Mzee alisimama akiangalia zile mbao zilivyokuwa ganda tupu. Akatia kidole, kikapita. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniambia, "Sikujua ni hivi." Namwamini. Mimi ndiye niliyejua ni hivi, na ndiyo maana deni langu lilikuwa kubwa kuliko lake. Hilo ndilo jibu nililolipata kwa swali langu la mwanzo: anayejua zaidi anadaiwa zaidi, hata kama hamiliki hata msumari mmoja wa nyumba ile.

Nimekaa nikahesabu. Kati ya 2018 na 2021 niliziba hivyo vyumba kumi na kimoja Palma. Vingine viliungua, na kuungua kwake hakukunisamehe. Kama wewe unayesoma hapa ulipanga chumba mwaka ule, au una ndugu amerudi na kulala kwenye chumba cheupe kilichopakwa vizuri upande wa bahari, mwambie agonge ukuta kwa fundo la kidole. Ukilia kama debe, asogeze kitanda usiku huo huo, halafu anitafute.